Povu la minoksidili la asilimia 5 kwa mwanamke mtu mzima: lilivyonifaa na linavyosumbua

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: povu hili, ambalo ni dawa ya nywele ya kupaka kichwani, linafanya kazi, na mimi nitaendelea kulipaka. Lakini halikurudishii nywele za ujanani. Mwenzangu anayelinunua akisubiri shungi la miaka ishirini atalitupa kabla halijaanza kazi. Anayelinunua ili zilizobaki zisizidi kuisha, na apate nyongeza kidogo juu yake, huyo atashukuru kama ninavyoshukuru mimi.

Nimeshavuka sitini. Nywele zilianza kupungua baada ya hedhi kukoma, taratibu sana, hata sikuweza kusema zilianza lini. Mbele kwenye paji zipo, panja zipo. Kilichoharibika ni utosi: ule mstari wa kugawia nywele ulipanuka mwaka baada ya mwaka, mpaka nikiinama chini ya taa ngozi inaonekana wazi. Inauma. Nimechoka kuambiwa "si ndiyo uzee wenyewe", maana anayesema hivyo hajawahi kukaa mstari wa mbele kwenye kikao huku akijua kwamba walio nyuma yake wanauona utosi wake.

Daktari wa ngozi aliniambia kwamba wanawake wengi hupungukiwa hivyo hivyo, juu katikati, wakati kwa wanaume panja mara nyingi ndizo hutangulia. Kuna kipimo cha Ludwig cha mwaka 1977 chenye ngazi 3 za upungufu wa nywele, na akaniweka kati ya ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo povu linaposaidia, kwa sababu mashina ya nywele bado yako hai ila yamedhoofika.

Naomba unisikilize vizuri hapa, maana wengi hukimbilia kununua kabla ya kujua wanaumwa nini. Nywele za mwanamke mtu mzima hupungua kwa sababu nyingi. Upungufu wa madini ya chuma, matatizo ya tezi ya thairoidi na baadhi ya dawa za kila siku vyote vinaweza kuzinyonyoa. Homa kali au operesheni huweza kuzimwaga miezi miwili mitatu baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Mimi nilipimwa damu kwanza. Na kama utosi unawasha, unauma au unachoma kama moto, au ngozi imekuwa laini ya kung'aa isiyo na vitundu, wahi kwa daktari wa ngozi: hiyo yaweza kuwa ile aina inayoacha kovu, na shina likishafunikwa na kovu hakuna povu litakaloliamsha. Vivyo hivyo ukiona nyusi zinapotea huku nywele za mbele zikirudi nyuma.

Sasa dawa yenyewe. Minoksidili ilianza kama vidonge vya presha, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1979, na waliovimeza wakaanza kuota nywele mwilini. Ya kupaka kichwani ikaruhusiwa huko mwaka 1988 kwa wanaume, na 1991 kwa wanawake ikiwa na nguvu ya asilimia 2. Povu la asilimia 5 la wanawake, la kupaka mara moja kwa siku, liliidhinishwa mwaka 2014. Kwa sababu ya asili hiyo, na kwa kuwa mimi mwenyewe nameza vidonge vya presha, nilimuuliza daktari kabla ya kugusa kopo. Nawe uliza. Moyo ukianza kwenda mbio, ukapata kizunguzungu au miguu ikavimba, acha kupaka umwone daktari.

Kasoro kubwa ni kifuniko. Kimetengenezwa kisifunguliwe na watoto, jambo jema, lakini hakifunguliwi na bibi pia. Inabidi ulinganishe alama mbili ndogo sana, ushike kwa nguvu, kisha ukisukume kwa dole gumba. Vidole vyangu vina yabisi. Asubuhi ya baridi siwezi kabisa, mume wangu ndiye hunifungulia. Hii ni dawa wanayoihitaji wanawake ambao viungo vyao vimeanza kukaza, na sioni kwa nini hakuna aliyeifikiria mikono yao.

Likishafunguka, kipimo ni nusu ya kifuniko. Povu huyeyuka likigusa kidole chenye joto, likawa maji na kutiririka hadi kwenye sikio. Mimi huosha vidole kwa maji baridi, nikavikausha, ndipo nikalichota. Nagawa nywele kwa mkia wa kitana, naweka tone moja moja kwenye ngozi na kulisugua polepole, kisha nagawa mstari mwingine pembeni. Lililobaki juu ya nywele halina faida yoyote, ngozi ndiyo inayolihitaji. Lina harufu ya spiriti inayoisha haraka. Lina spiriti kweli, kwa hiyo hushika moto: usikaribie jiko wala sigara mpaka likauke. Nililichagua badala ya ile ya maji kwa sababu ya maji huwa na kiungo kiitwacho propilini glaikoli, na ngozi za baadhi ya watu huwashwa nacho. Povu halina. Ngozi yangu hukauka kidogo tu.

Napaka asubuhi, si usiku, na sababu ni paka wetu. Minoksidili ni sumu kali kwa paka. Kiasi kidogo tu akikiramba mkononi au kwenye foronya kinaweza kumuua. Nikipaka asubuhi linakauka nikiwa nimesimama, mto unabaki safi, nami nanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mnyama au kitu chochote. Kulikuwa na faida nyingine: malaika za mashavuni, karibu na masikio, zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, jambo linalowapata baadhi ya wanawake dawa ikigusa uso. Tangu nianze kunawa hivyo na kufuta paji la uso, zimepungua.

Wiki za mwanzo ndizo hufanya watu waache. Nywele zilinyonyoka zaidi kuliko kabla. Kichana kilijaa, sinki lilijaa, na mtoto wa dada yangu, aliyenisindikiza kwa daktari, aliniomba niiache. Sikuiacha kwa sababu nilikuwa nimeelezwa mapema. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha shina lake hupumzika kwa takriban miezi mitatu ndipo udondoke. Ndiyo maana hata mtu mwenye nywele nzuri hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku. Dawa hii huliamsha shina lililopumzika, na unywele mpya unapoanza humsukuma nje yule mzee aliyekuwa anangoja kudondoka tu. Kwa hiyo zile nilizoziona kwenye sinki zilikuwa za kuondoka hata hivyo, zimeondoka kwa pamoja. Ikiendelea zaidi ya miezi miwili hivi, rudi kwa daktari.

Matokeo yalianza kuonekana mwezi wa nne. Vinywele vifupi, vyembamba, vingine vyenye mvi tayari, vikasimama kando ya ule mstari. Nilijipiga picha utosini kila mwezi dirishani pale pale, maana kioo hudanganya na moyo hudanganya zaidi. Leo, nikiziweka picha pamoja, mstari uliokuwa na upana wa kidole changu cha mwisho sasa una upana wa kijiti cha kiberiti. Msusi wangu aliona bila kuambiwa: "Mama, hapa juu kumeota." Lakini unene wa nywele kwa jumla ni ule ule, na nikizifunga nyuma sioni tofauti. Ulipo upaa kabisa, usitarajie.

Siku za sherehe naongezea unga wa nyuzi za keratini, ile protini ya nywele, wa rangi ya nywele zangu, povu likishakauka. Unafunika vizuri, ila mvua ikinyesha unachuruzika. Wigi ninalo, ni zuri, linanipa joto. Vidonge vya vitamini iitwayo biotini nilivikataa: asiye na upungufu wa biotini sioni vitamsaidia nini, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2017 kwamba biotini nyingi huvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Mtu wa umri wangu hahitaji kipimo cha moyo kinachosema uongo.

Jambo la kupangia bajeti ni hili: dawa haina mwisho. Kopo la gramu 60 hukaa takriban miezi 2 kwa kipimo cha mwanamke, na ukiacha, ulichopata huondoka ndani ya miezi mitatu minne. Kama kununua kwa mfululizo hakuwezekani, bora usianze, fedha hizo zipeleke kwenye wigi zuri.

Na kama dukani lipo kopo la wanaume tu, nguvu yake ni ile ile asilimia 5. Tofauti ni kwamba wao huelekezwa kupaka mara mbili kwa siku. Mwulize mfamasia kabla hujalipia, na ukilichukua shika kipimo cha wanawake, nusu kifuniko mara moja kwa siku, maana kuzidisha kunaongeza nywele za usoni.