Nairobi hadi New York bila kushuka njiani: uzoefu wangu

Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, safari iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, ndiyo ninayoichagua kila inapowezekana, hata nauli ikizidi kidogo.

Umbali kati ya viwanja hivi ni kilomita 11,800 na ushei. Njia fupi kuliko zote inaelekea kaskazini magharibi, inapita Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na nusu ya safari inakukuta Moroko, karibu na Marrakech. Kwa hiyo ukiona kwenye skrini saa saba zimepita na bado hujaiacha Afrika, usishtuke. Marubani huipinda njia hiyo kufuata upepo au kukwepa anga iliyofungwa.

Kwenda huchukua saa 14 hadi 15. Kurudi hupungua karibu saa moja, kwa kuwa upepo wa juu wa Atlantiki huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege, hasa miezi ya baridi.

Muda kwenye tiketi ni wa kila mji, kwa hiyo usitoe tu ukadhani umepata urefu wa safari. Tuseme unaondoka 23:55 na kufika 07:00 mwezi wa Julai: hapo ni saa 7 na dakika 5, ongeza saa 7 za tofauti, unapata saa 14 na dakika 5. Januari tofauti ni saa 8, maana Marekani hubadili saa Machi na Novemba. Na tiketi ikiandikwa 00:15 tarehe 10, uwanjani unatakiwa uwepo jioni ya tarehe 9. Wanaokosea hapa hukosa ndege kwa siku nzima.

Ndege yenyewe ni Boeing 787-8, viti vya daraja la kawaida vikiwa vitatu vitatu. Hewa ya ndani hushindiliwa mpaka iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali JKIA yenyewe iko mita 1,600 na zaidi, hivyo mkazi wa Nairobi hahisi tofauti kubwa. Aliyezoea Mombasa anaweza kuchoka zaidi. Chukua kiti cha kando ya njia, unyooshe miguu kila baada ya saa mbili. Kukaa tu huivimbisha.

Kupitia Amsterdam huongeza kilomita 700 tu. Kupitia Dubai ni kama 2,700 zaidi, tena unaanza kwa kuipa New York kisogo. Lakini kinachokula muda hasa ni kusubiri ndege ya pili, na kwa mzee au mwenye mtoto mchanga hilo pekee linatosha kulipia tofauti ya nauli.

Anayeendelea hadi Minneapolis au Dallas azingatie hili: hata tagi ya begi ikionyesha mji wa mwisho, begi unalichukua JFK, unapita nalo forodhani, kisha unalikabidhi upya. Hakikisha pia ndege inayofuata inaondokea JFK, si LaGuardia wala Newark, viwanja vingine vya eneo la New York. Kwa tiketi moja, acha angalau saa tatu. Kwa tiketi mbili tofauti mimi huacha saa tano, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukupa kiti kingine.