Kontrola ya sola ya ampea 20 kwenye kempa ya mtumba, Malindi

Kontrola hii ya PWM (kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri, kwa kuwasha na kuzima mkondo haraka haraka), ile ndogo ya bluu yenye vitufe vitatu, inafaa pesa yake, ila usiiache ilivyotoka boksini. Kwanza chagua aina ya betri kwenye menyu yake: kwa kawaida chaguo la b1 hukatia chaji kwenye volti 14.4, kwa betri iliyozibwa. Betri ya maji huitaka b3, 14.6. Unganisha betri kabla ya paneli, la sivyo huenda ikasoma vibaya kama ni mfumo wa volti 12 au 24. Paneli ya wati 100 itakupa kama 70 tu. Ndivyo PWM ilivyo.

Ubovu wake hasa ni skrubu. Kwa chumvi ya upepo wa huku, nyuzi za waya huota ukungu wa kijani, skrubu zikalegea, betri ikawa haijai, na lawama (kama kawaida) ikabebeshwa betri. Jua likiwaka, pima volti kwenye skrubu za betri hapo kontrola, kisha kwenye vichwa vya betri. Tofauti ikizidi volti 0.3, kata ncha iliyooza, ukaze upya. Waya uwe wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya ampea 20 kando ya betri. Tundu la USB ni la simu, basi. Nyota tatu kwa tano.