Kambi ya gari inayofikika kwa kiti cha magurudumu, inayompokea mbwa na iliyo karibu na mji: uzoefu wangu Mombasa

Msimamizi wa kambi ya kwanza niliyoipigia simu mwezi wa Januari alinijibu kwa ukarimu ambao sina shaka ulitoka moyoni: "Hakuna shida, mama, karibuni sana, vijana wapo, watakubeba." Nilikuwa nimemuuliza upana wa mlango wa choo. Tangu siku hiyo nimelisikia jibu hilo, kwa maneno yanayokaribiana, katika kambi nne kati ya sita tulizozijaribu kaskazini na kusini mwa Mombasa. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya yeyote anayesafiri akiwa katika kiti cha magurudumu, analala ndani ya gari lake, ana mbwa asiyeweza kuachwa nyumbani, na hapendi kuwa mbali na mji.

Gari letu ni Hiace ya zamani iliyowahi kuwa matatu. Fundi mmoja wa Changamwe aliving'oa viti vyote vya nyuma, akatuwekea kitanda, tangi la maji la lita 60, jiko la gesi na mbao mbili ndefu za kunipandishia kiti kupitia mlango wa ubavuni. Mume wangu ndiye dereva. Mimi niliumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani mwaka 2016, na kiti changu kina upana wa sentimita 64 kutoka ukingo wa gurudumu hadi ukingo wa gurudumu, kipimo ambacho nimekikariri kama namba ya kitambulisho. Wa tatu ni Jasiri, mbwa wa kienyeji mwenye umri wa miaka sita, ambaye hakupelekwa kwenye mafunzo yoyote, lakini huniokotea kitu kikianguka, na usiku nikihitaji msaada yeye ndiye humwamsha mume wangu, ambaye sikio lake moja halisikii vizuri. Kumwacha nyumbani Bamburi kwa majirani tumejaribu mara moja. Hakula kwa siku mbili.

Watu wengi hudhani kwamba anayekwenda kambini anakimbia mji. Kwangu mimi ni kinyume. Mtu asiyetembea huhitaji duka la dawa lililo karibu, hospitali ambayo gari litaifikia hata mvua ya masika ikiwa imeiharibu barabara ya udongo, na fundi wa kuziba pancha, kwa kuwa tairi la kiti likipasuka huwa nimefungwa mahali nilipo mpaka lizibwe. Mbwa naye huhitaji daktari wa mifugo, hasa huku Pwani ambako kupe hawana msimu. Kwa hiyo tulijiwekea sharti: isizidi kilomita 10 kutoka mji wenye huduma hizo, na sehemu ya njia isiyo na lami iwe fupi.

Tulianza kutafuta kwa simu. Ramani za simu zina alama ya kiti cha magurudumu, na iOverlander, programu ya simu ya kutafutia kambi ambayo taarifa zake huandikwa na wasafiri wenyewe, ilinisaidia zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila maoni yana tarehe na picha za wasafiri huonyesha hali ya ardhi. Jifunze kuzisoma picha hizo: usiangalie bahari, angalia miguu ya watu na magurudumu ya magari yao. Gurudumu likiwa limezama mchangani hata kidogo, kiti hakitapita. Ukiona kokoto kubwa au jiwe la matumbawe lililochongoka, magurudumu madogo ya mbele yatakwama kila hatua. Alama yenyewe, hata hivyo, siitegemei tena. Mahali pawili palipokuwa na alama hiyo palikuwa na ngazi mlangoni, na nilipouliza, niliambiwa kwamba wageni wenye viti wamewahi kufika hapo, wakabebwa.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Katika ile kambi ya kwanza, upande wa kaskazini, mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita 61 na mbele yake kulikuwa na kidato cha sentimita 15. Vijana watatu walinibeba kwa upole na adabu, wakageuza nyuso zao pembeni, wakasubiri nje. Nawashukuru mpaka leo. Lakini mimi ni mwanamke mtu mzima, na kubebwa na wanaume nisiowajua kupelekwa msalani, kisha kuwaita tena saa tisa usiku watoke usingizini, ni jambo lililonivunja moyo kiasi kwamba siku ya pili niliacha kunywa maji tangu saa kumi na mbili jioni. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kukaa bila maji katika joto la Pwani ni kuyakaribisha maambukizi ya mkojo, nami nilikuwa nayafahamu vyema. Tuliondoka asubuhi ya tatu ingawa tulikuwa tumelipia siku tano.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaweka pamoja mambo mawili ambayo wenye kambi wengi huyatenganisha: haki ya mtu mwenye ulemavu ya kutendewa kwa heshima na utu, na haki yake ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Anayenibeba kwa upole ametimiza nusu ya heshima na hajagusa kufikika hata kidogo. Na gharama ya kurekebisha si kubwa kama inavyodhaniwa. Mteremko unaokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo kile kidato cha sentimita 15 kingehitaji mteremko wa saruji wenye urefu wa mita 1.8 tu, kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Mlango ndio ungehitaji kuvunja ukuta kidogo.

Kuhusu mbwa, swali nililojifunza kuuliza kwanza si "mnaruhusu mbwa?" bali "mbwa wenu wa ulinzi hufunguliwa saa ngapi?" Kambi nyingi zina mbwa wao, wakubwa, wanaofungwa mchana na kuachiwa saa nne usiku. Katika kambi moja ya Diani tuliruhusiwa kuingia na Jasiri bila swali lolote, kisha usiku mbwa wanne wakalizunguka gari wakinguruma mpaka alfajiri, na mimi nikashindwa kushuka. Diani pia ina mbega wa Angola, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani, ambao huvuka barabara kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya lami na shirika la Colobus Conservation. Wakishuka chini, mbwa asiyefungwa ni hatari kwao kama lilivyo gari. Jasiri ana hamu ya kufukuza kila chenye mkia, kwa hiyo kule hakutoka bila kamba hata dakika moja, na nashauri kila mwenye mbwa afanye vivyo hivyo.

Tuliifikiria pia hifadhi ya Shimba Hills, ambako ndiko palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, wanakopatikana nchini Kenya na ambako mume wangu alitamani sana kwenda, lakini hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haziruhusu mbwa, na sababu yake inaeleweka. Tukaiacha.

Kambi iliyotufaa iko Tiwi, upande wa kusini, na niliipata kwa njia ambayo sikuitarajia. Mzee anayeisimamia hakuniambia "hakuna shida". Aliniuliza kiti changu kina upana gani, akasema atanipigia, na baada ya nusu saa akanitumia kwa WhatsApp picha tano ambazo ndani yake futikamba ilikuwa imenyooshwa kwenye mlango wa choo, mlango wa bafu, kizingiti, nafasi iliyo kando ya choo, na njia ya kutoka maegesho. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa seremala kwa miaka mingi, na kwake swali la upana hujibiwa kwa kipimo. Mlango una sentimita 86 na hufunguka kwa nje, jambo ambalo wengi hawalifikirii: mlango unaofunguka kwa ndani hukunyima nafasi ya kugeuza kiti, nawe ukianguka nyuma yake hakuna awezaye kuusukuma bila kukuumiza. Choo ni cha kukaa. Kizingiti kina sentimita 4, nami hukipanda mwenyewe nikienda kinyumenyume. Kutoka mahali tulipoegesha gari hadi bafuni ni mita 22 za vibao vya saruji vilivyopangwa bila pengo kubwa. Usiku wa kwanza nilikwenda msalani peke yangu, saa nane, tochi ikiwa mapajani na Jasiri akitembea kando. Nilikunywa maji nilivyotaka.

Kasoro zipo. Chuma cha kushikilia kilikuwa kimoja tu, upande wa kulia, wakati mkono wangu wenye nguvu ni wa kushoto. Bafuni hakuna kiti cha kuogea, na kile cha plastiki tulicholetewa huteleza sakafu ikiwa na sabuni, kwa hiyo tulikiegemeza ukutani na mume wangu akakishikilia. Umeme ulikatika mara mbili, na kwa anayetegemea kiti cha betri hilo ni la kulizingatia.

Bahari ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Mchanga wa juu ni tifutifu, na kiti cha kawaida hakiwezi hata mita mbili. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, huacha nyuma mchanga mgumu na wa tambarare ambao kiti hupita vizuri, lakini kuufikia ndiyo taabu. Mzee aliwaita watoto wake wawili, wakatandaza makuti ya zamani waliyokuwa wameyabomoa kutoka paa la banda, safu mbili kwa mita kama 30, kutoka kwenye vibao hadi kwenye mchanga mgumu. Niliyapita mwenyewe, mikono yangu ikiwa kwenye magurudumu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mwaka 2016 kufika kwenye maji ya bahari bila kubebwa na mtu, na nilikaa pale mpaka maji yalipoanza kujaa.

Jirani zetu wa kambi walikuwa familia ya Kiislamu kutoka Kisauni. Kabla hatujamshusha Jasiri, mume wangu alikwenda kuwasalimu na kuwaeleza kwamba tuna mbwa, tukakubaliana: atafungwa upande wa pili wa gari, hatapita karibu na jiko lao wala mahali walipotandika mikeka ya kuswalia, na bomba la maji la pamoja hatalikaribia. Sharti lao lilikuwa dogo na lenye haki, kwa sababu mate ya mbwa yakigusa chombo hulazimu kazi ya kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Siku ya tatu mama wa familia ile alituletea mahamri na mbaazi, akauliza kwa mbali kama mbwa amekula. Tulitembea na cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa, nacho msimamizi alitaka kukiona siku ya kwanza, jambo lililonipa imani zaidi na mahali hapo.

Mji wa Ukunda uko umbali wa takriban kilomita 10, na kuna hospitali, maduka ya dawa na soko. Kwa anayetoka kisiwani, njia fupi ni kivuko cha Likoni, ila ajue kwamba maji yakiwa yamepwa sana mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na mbao zetu za kupandishia ziliteleza ndani ya gari hadi zikagonga jiko. Sisi sasa hupita barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini, isiyohitaji feri. Ni ndefu, lakini hakuna foleni wala mteremko wa kutisha, na nakaa kwenye kiti changu kilichofungwa kwa mikanda mpaka tunafika. Ukihitaji kutengeneza kiti kabla ya safari, karakana ya Bombolulu, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya, iko barabara ya kuelekea Mtwapa, na mafundi wake wengi wenyewe ni watu wenye ulemavu. Nenda huko mapema, si siku ya kuondoka.

Tulilipa shilingi 1,200 kwa kila mtu kwa usiku, na mbwa hakulipiwa. Naipa kambi hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano niliizuia kwa sababu ya chuma cha kushoto, nami nilimwambia mzee hivyo bila kuficha, nikamwachia kipimo: sentimita 75 kutoka sakafuni. Wiki mbili baada ya kurudi Bamburi nilipokea picha bila maneno yoyote. Chuma kipya kiko ukutani, upande wa kushoto wa choo, na kando yake futikamba imesimama kutoka sakafuni, ikisoma 75. Tumeshaomba nafasi ya siku kumi mwezi wa Desemba.