Dawa ya fosfeti ilifanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanza

Mwenye haki mpe haki yake: hizi chembechembe za kunyonya fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, zinafanya kazi. Mawe ya tangi langu la maji chumvi, la kufugia viumbe vya baharini, yalikuwa yameota mwani wa nywele kama ndevu za kijani. Nilipozitia kwenye kichujio, majuma kadhaa tu mwani ukapauka na kung'oka wenyewe. Siku ile ningewapa nyota tano na ya sita ningeichora kwa mkono.

Kipimo kikasoma fosfeti sifuri, na naitreti, kirutubisho kingine cha mwani, sifuri. Mimi nikashangilia! Haukupita muda mchanga ukageuka kahawia, kisha mawe, kisha nyuzi za kamasi zikaanza kuning'inia kwenye matumbawe, kila uzi na kiputo cha hewa nchani. Taa zikizimwa usiku nyuzi zinapungua, asubuhi mchanga mweupe, nasema afadhali. Kufika saa nane mchana zimerudi zote. Konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo na kulala chali.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, na picha juu. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, hiyo ni daiatomu, kawaida kwa tangi jipya. Ongeza dozi." Jipya! Tangi hili lina umri wa mtoto wa shule. Nikajibu kwa adabu zote, dada samahani, daiatomu ni mwani mdogo sana wa kahawia, ni kama vumbi, ukipitisha kidole linatimka. Hii inavutika kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Akanijibu: "Kaka, labda hujui kupima maji." Baada ya hapo kimya.

Na mimi mjinga nikaongeza dozi. (Nilikuwa nimechoka, msinicheke.) Konokono saba walikufa.

Hatimaye nikanyonya kamasi ile kwa bomba la sindano, nikaitia kwenye chupa yenye maji ya tangi, nikatikisa mpaka ikapotea. Nikachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, maji yakapita yakionekana safi, nikayaweka chini ya taa. Ndani ya saa moja hivi nyuzi zilikuwa zimejisuka upya mbele ya macho yangu. Vumbi halijisuki. Wala haikuwa sianobakteria, lile zulia jekundu linalobanduka vipande vipande. Nikaazima hadubini: vijidudu vyenye umbo la tone, kila kimoja kinazunguka ncha yake kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Dinoflajelati, aina ya Ostreopsis. Wana sumu, ndiyo maana konokono walikufa.

Kumbe mwani na bakteria walikuwa wakigombea nafasi na hawa. Nilipowaua wenzao kwa njaa, nikawaachia uwanja mtupu. Kwa hiyo nilichoshauriwa kuongeza ndicho kilichokuwa kinawanenepesha. Nikatoa chembechembe zote, nikarudisha naitreti na fosfeti kidogo kidogo (ndiyo, nilikuwa natia uchafu kwa makusudi), nikasitisha kubadilisha maji, nikaweka taa ya UV, ile ya mwanga unaoua vijidudu, iwakamate usiku wanapoacha mchanga na kuelea majini. Ilichukua muda mrefu, lakini waliisha.

Sasa nitoe nyota ngapi? Kopo limeandikwa linaondoa fosfeti, na liliondoa. Halikuahidi kufikiri kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeshaandika tatu. Kisha nikakumbuka "labda hujui kupima maji", wakati kipimo changu ndicho pekee kilichokuwa kinasema kweli mle ndani. Moja! Mtu asiyeweza kutofautisha vumbi na kamasi asikae kwenye simu ya wateja.

Ila ndevu za kijani zimeanza kuchungulia tena kwenye jiwe la kushoto, na nusu ya kopo ningali nayo kabatini. Nitatia kijiko kimoja, na nitapima kila siku.

Haya, nyota mbili. Ile ya pili ni ya kopo, si ya yule dada.