Takwimu za Gallup na Pew kuhusu bangi: tathmini ya mtu aliyewahi kuuliza maswali hayo

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kupigia watu simu na kuwauliza maswali. Visikilizio masikioni, dodoso kwenye skrini, na nyuma yangu msimamizi anapitapita akihesabu nimekamilisha madodoso mangapi kabla ya saa sita. Kazi ile imeniachia ugonjwa mmoja: mtu akiniambia "watu saba kati ya kumi wanataka bangi iruhusiwe", siulizi ni watu gani. Nauliza waliulizwa vipi.

Ndiyo maana leo natathmini huduma mbili ambazo karibu kila ubishi wa bangi ya starehe unaziegemea, hata pale wabishi wenyewe hawajui namba zao zimetoka wapi. Ya kwanza ni mfululizo wa Gallup, kampuni ya kura za maoni, ya pili ni tafiti za Pew Research Center, shirika la utafiti. Zote zinahoji watu wazima wa Marekani na zote zinasomwa bure. Nimezitumia kwa miaka kadhaa, mara nyingine kwa kazi, mara nyingine kwa sababu tu mtu kwenye kundi letu la WhatsApp amerusha asilimia na kuondoka.

Nianze na Gallup, maana ndiye mkongwe. Aliuliza mwaka 1969, na asilimia 12 tu wakataka bangi iruhusiwe. Kumi na mbili! Mwaka 2011 ikafika 50. Mwaka 2013 ikawa 58, miezi kama kumi na moja tu baada ya wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington kuipitisha kwenye masanduku ya kura Novemba 2012. Mwaka 2017 hata wafuasi wa chama cha Republican wakavuka nusu kwa mara ya kwanza, asilimia 51. Mwaka 2023 jumla ikagonga 70, mwaka uliofuata 68. Sijui suala jingine la ugomvi ambalo ningeweza kulifuatilia kwa namna hii, kuanzia enzi za babu hadi za mjukuu, kwa swali lile lile moja.

Na swali lenyewe ni kavu kama ubao: unadhani matumizi ya bangi yawe halali kisheria, au la? Hakuna "dawa za kulevya" ndani yake, hakuna "vijana wetu", hakuna "kodi ya serikali". Huo ukavu ndio ninaoulipia nyota. Nimewahi kuwasomea watu swali lililokuwa na mkia mbele na nyuma, na bado nalikumbuka kwa moyo kwa sababu nililisoma mara mamia: "Kutokana na ongezeko la uhalifu na vijana kuharibikiwa, je, unakubali serikali iruhusu dawa za kulevya kama vile bangi?" Mteja ndiye aliyeliandika na ndiye aliyelipa, na jibu alilolilipia alilipata. Nilipomwambia msimamizi kwamba hilo si swali, ni mahubiri, akaniambia soma kama lilivyo. Ripoti ilipotoka ilikuwa na asilimia kubwa kubwa ukurasa wa mbele, lakini swali halikuchapishwa popote.

Gallup wanalichapisha. Wanaweka maneno ya swali, tarehe za mahojiano, idadi ya waliohojiwa, ambao huwa kama elfu moja, na kiwango cha makosa cha asilimia 4 juu au chini. Hicho cha mwisho wengi hukiruka. Mtu akikuambia kwamba Wamarekani walianza kuichoka bangi kati ya 2023 na 2024 kwa sababu 70 imekuwa 68, anakuuzia upepo: tofauti hiyo imo ndani ya kiwango cha makosa.

Kasoro sasa. Miaka ya nyuma walikuwa wakiuliza wanapojisikia. Kati ya 1985, ilipokuwa asilimia 23, na 1995, ilipokuwa 25, kuna shimo la miaka kumi. Ukichora mstari kuunganisha nukta hizo mbili unapata tambarare safi, lakini kilichotokea katikati hakikupimwa. Kuna pia neno "matumizi". Ya nani? Ya mgonjwa wa saratani anayetafuta usingizi, au ya Jumamosi jioni na marafiki? Swali halisemi, na kila anayejibu anajaza mwenyewe.

Hapo nitoke kidogo kando, kwa sababu jambo hili kwa Kiswahili ni zito zaidi. Siku moja nilimsomea mama mmoja, kwa sauti alikuwa mtu mzima, swali lililouliza kama bangi ihalalishwe. Akacheka. "Mwanangu, mimi ni nani hata nihalalishe kitu alichokiharamisha Mungu? Andika hapana." Nikaandika hapana, nikamaliza mengine, nikamshukuru. Dakika kama ishirini baadaye akapiga namba ya ofisi, na kwa bahati ikaangukia kwangu. "Wewe ndiye wa maswali? Nimefikiri. Kuihalalisha sitaki. Lakini kumfunga mtoto wa mtu kwa msokoto mmoja, hilo nalo silitaki. Sasa ulipoandika hapana, mwanangu, umeandika ipi?"

Sikuwa na kisanduku cha jibu lake. Nikamwambia, "Mama, nitauliza." Msimamizi akasema dodoso limeshatumwa, halifunguliwi.

Anayesikia swali la Gallup kwa Kiingereza anasikia sheria tu. Sisi tukisikia "halali", pacha wake "haramu" anaitikia palepale, na msikiti na kanisa vinaingia chumbani. Na "bangi" yenyewe haiji mikono mitupu, inakuja na "mvuta bangi", na huyo mvuta bangi tumeshamhukumu kabla ya swali kufika mwisho. Kwa hiyo yeyote anayetaka kulihamisha swali hili kwenda Kiswahili na achague kwanza anauliza nini: isiwe kosa la jinai? Mtu mzima aruhusiwe kuvuta nyumbani kwake? Iuzwe dukani kama bia? Nimeyasoma maswali ya aina zote tatu kwa watu wa eneo moja, na majibu hayakufanana hata kidogo.

Kwa kasoro hii ndipo Pew anapomzidi mwenzake. Yeye anaweka majibu matatu: iruhusiwe kwa tiba na kwa starehe, iruhusiwe kwa tiba peke yake, au isiruhusiwe kabisa. Utafiti wao wa Januari 2024 ulipata 57, 32 na 11 kwa mpangilio huo. Sasa ziweke karibu na namba za Gallup. Wanaotaka starehe waziwazi walikuwa 57, Gallup wa 2023 na 2024 alituambia 68 hadi 70. Hizo kumi na kitu za tofauti zimetoka wapi? Hesabu yangu ya vidole ni kwamba zimetoka kwa wale 32 wa tiba tu: wakipewa ndiyo na hapana pekee, kama theluthi yao wanaangukia kwenye ndiyo na waliobaki wanaangukia kwenye hapana. Ni hesabu ya vidole kwa sababu tafiti ni mbili tofauti, lakini Pew wenyewe walishaionyesha njia mwaka 2019: kwa swali la majibu mawili walipata 67, kwa swali la majibu matatu wanaotaka tiba na starehe wakawa 59. Shirika moja, mwaka mmoja, umma ule ule. Pointi nane zimezaliwa na kisanduku kimoja cha ziada.

Jambo jingine linalonifanya nimwamini Pew kwenye mambo ya aibu: siku hizi wahojiwa wake hujaza wenyewe mtandaoni. Gallup bado alikuwa kwenye simu kwa swali hili. Mimi niliyekuwa upande wa pili wa simu najua kinachotokea mume akiingia chumbani katikati ya mahojiano. Sauti inabadilika, na jibu nalo linabadilika.

Baada ya kusifu, nikazipeleka zote mbili kwenye mtihani, yaani masanduku ya kura. Na hapa ndipo mnunuzi awe macho.

Jimbo la Ohio, mwaka 2015, wapiga kura waliikataa bangi ya starehe kwa karibu asilimia 64. Mtu aliyeshika chati ya Gallup ya miaka ile, ambayo tayari ilikuwa juu ya nusu, angesema takwimu zimedanganya. Hazikudanganya. Pendekezo lile lilitaka kilimo cha biashara kifanywe kwenye maeneo 10 tu, yaliyokuwa mikononi mwa waliogharamia kampeni. Watu walikataa ukiritimba. Mwaka 2023 likaja pendekezo lisilo na mtego huo, likapita kwa asilimia 57. Gallup hakuwahi kuuliza "je, iruhusiwe na wakulima wawe hawa kumi?", na hakuna swali la mstari mmoja litakalokupa jibu hilo.

Florida, Novemba 2024. Walioipigia bangi ya starehe kura ya ndiyo walikuwa karibu asilimia 56. Donald Trump, mkazi wa jimbo hilo, alikuwa ametangaza kwamba angeiunga mkono. Gavana Ron DeSantis aliipinga kwa nguvu zote. Ndiyo ikapata wengi na bado ikashindwa, kwa sababu katiba ya jimbo inadai 60. Chati haina mstari wa 60. Nimeona watu wakiitaja Florida kama ushahidi kwamba wananchi "waliikataa bangi", na wengine wakiitaja kama ushahidi kwamba waliitaka, wote kwa namba ile ile.

Lakini mtihani ninaoupenda kuliko yote ni New Zealand, Oktoba 2020, kwa sababu pale wananchi hawakuulizwa kuhusu wazo. Waliwekewa muswada mezani: mnunuzi awe na miaka 20 au zaidi, asizidi gramu 14 kwa siku, na kadhalika. Matokeo ya awali yalikuwa hapana 53. Kura za mwisho zilipohesabiwa, pengo likabana: hapana 50.7, ndiyo 48.4. Waziri mkuu Jacinda Ardern alikataa kusema angepigaje hadi upigaji kura ulipokwisha, kisha akafichua kwamba alipiga ndiyo. Siku ile ile, watu wale wale, kwenye swali la kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona kusaidiwa kufa, walisema ndiyo kwa asilimia 65. Kwa hiyo usiniambie walikuwa wahafidhina. Walisoma gramu na umri, wakasita. Pengo la aina hiyo, kati ya anayejibu wazo na anayesoma kifungu, ndilo ambalo huduma zote mbili ninazozitathmini haziwezi kukupimia, na sidhani kama zinadai kuliweza.

Kwa anayedhani maoni ya umma ndiyo yanayoendesha kila kitu, niongeze haraka tu: Uruguay bunge lilipitisha sheria Desemba 2013 wakati tafiti zikionyesha wananchi wengi hawaitaki, na Afrika Kusini ni Mahakama ya Katiba iliyofungua mlango wa matumizi ya faragha Septemba 2018. Namba hizi zina nguvu pale penye kura za wananchi. Kwingineko zinabaki kuwa habari tu.

Nyota, basi. Gallup nampa nne. Nyota moja inakwenda kwa neno "matumizi" na lile shimo la miaka kumi. Ukitaka kuona umma umesogea kiasi gani na kwa kasi gani, hakuna chombo kinachomfikia. Pew nampa nne na nusu kwa yule mtu wa tiba tu aliyepewa kisanduku chake. Namkata nusu kwa sababu historia yake imekatika vipande: simu kwanza, mtandao baadaye, majibu mawili kisha matatu, na anayepita haraka hulinganisha vitu visivyolingana. Ukilazimika kuchagua mmoja kabla ya mjadala, chukua Pew. Ukiwa na dakika kumi za ziada fungua vyote viwili, usome swali kabla ya asilimia.

Ile kampuni niliyoifanyia kazi siitaji, na nyota siipi. Yule mama bado yumo kwenye ripoti yao, upande wa hapana.