Boksi la usalama wa nyumbani: kipi kinafaa, kipi ni danganya toto

Binti yangu alinunua boksi la vifaa vya usalama wa nyumbani mtoto wake alipoanza kutambaa, akaniletea nimfungie. Mimi ni fundi umeme mstaafu, ingawa watoto wangu hilo la kustaafu hawalitambui. Boksi lina picha ya mtoto anayecheka na maneno makubwa yanayoahidi kwamba ndani kuna kila kitu cha kuilinda familia. Jina la kampuni naliweka kando, maana maboksi ya aina hii ni mengi na ndani yake vitu ni vilevile: king'ora cha moshi, vifuniko vya soketi, makomeo ya kabati, mikanda ya kufungia fanicha ukutani, blanketi la kuzimia moto, kipimajoto cha maji ya kuogea, kikasha cha dawa na rundo la mipira ya kona za meza.

Kila nilichokitoa nilikipima kwa swali moja: kitafanya nini watu wakiwa wamelala, wamechoka, au wamegeuka kidogo kupokea simu? Kifaa kinachomsubiri mtu akumbuke hakijaongeza kitu, kwa sababu mtu anayekumbuka kila wakati angekuwepo, boksi lenyewe lisingehitajika.

Nianze na kilichonifurahisha. King'ora cha moshi ni kizuri, hapo hawakubania. Kinatambua moshi kwa mwanga. Ndani yake kuna kijichumba cheusi ambamo mwali wa mwanga hupita bila kukigusa kihisio. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya ule mwanga, kiasi fulani huangukia kihisio, na kelele zinaanza. Kuna aina nyingine ya ving'ora inayotumia punje ndogo ya madini ya mionzi, amerikiamu 241, na hiyo huuwahi zaidi moto unaoshika ghafla kwa ndimi kubwa. Lakini godoro au sofa lililoshikwa na waya uliochemka linaweza kufuka muda mrefu kabla ya kuwaka, na moto wa namna hiyo ndio ambao king'ora cha mwanga huuona mapema. Kwa nyumba yenye watu waliolala ningechukua hiki cha mwanga bila kusita. Harufu ya moshi haina uhakika wa kumwamsha mtu usingizini. Kelele ya desibeli 85 ina uhakika zaidi.

Kasoro yake ni kwamba kimo kimoja tu, wakati nyumba inahitaji kimoja kila chumba cha kulala, kimoja kwenye korido ya nje ya vyumba hivyo, na kimoja kila ghorofa. Halafu mchoro wa maelekezo unamwonyesha mtu akikifunga jikoni! Jikoni kitalia kila kikaango kinapofuka, na haitapita wiki mtu atapanda kiti akitoe betri. Nimekifunga kwenye dari ya korido ya vyumba, katikati, mbali na kona, kwa sababu hewa ya kwenye kona hutuama na moshi huchelewa kuifikia. Betri ikikaribia kwisha chenyewe kinapiga mlio mfupi kila baada ya muda, na ni kero iliyokusudiwa. Nikaandika ubavuni mwake kwa wino mzito mwaka wa kukibadilisha. Ving'ora hivi umri wake ni miaka 10, hata kama kitufe cha kujaribia bado kinalia.

Vifuniko vya soketi viliwekwa pakiti nzima, na ndivyo vilivyonikera kuliko vyote. Soketi za nyumba ile ni za matundu matatu ya mstatili, za kiwango cha Uingereza cha BS 1363 kilichotolewa mwaka 1947. Ndani ya soketi hizi kuna vilango vya plastiki vinavyoziba matundu mawili ya chini. Chukua plagi yoyote ya pini tatu uiangalie: pini ya erthi, ile ya juu iliyo peke yake, ni ndefu kuliko wenzake. Urefu huo una kazi. Pini hiyo hutangulia kuingia, inasukuma vilango vifunguke, ndipo zile fupi zipite. Mtoto akichokonoa tundu la chini kwa kijiti anakutana na kilango kimefungwa.

Sasa chukua kifuniko cha kwenye boksi. Nacho kina pini tatu, za plastiki. Nilikigeuza juu chini, nikaingiza pini yake ya erthi kwenye tundu la juu, zile mbili zikabaki hewani nje ya soketi. Vilango vikafunguka, vikabaki wazi vikinitazama. Nikamwita binti aje aone.

"Baba, si ndivyo vya usalama hivi?"

"Vya usalama, mwanangu, ila soketi ilikuwa salama zaidi kabla hatujaviweka."

Mtoto akishajua kukichomoa, na atajua, hakuna kinachomzuia kukirudisha vile nilivyokirudisha mimi. Tena pini zake hazina kipimo cha plagi halisi. Zikiwa nene hutanua vishikio vya shaba ndani ya soketi, baadaye plagi ya pasi au ya birika hailali vizuri, inalegea, inachemka. Mwaka 2016 idara ya afya ya Uingereza ilielekeza kwamba vifuniko vya aina hii visitumike kwenye majengo ya tiba na malezi, na watu wasipewe waende navyo nyumbani. Ni danganya toto, na toto anayedanganywa ni mzazi. Kama soketi zako ni za matundu mawili ya duara zisizo na vilango, hapo kifuniko kina kazi, japo mimi ningeing'oa soketi nikaweka yenye vilango.

Makomeo ya kabati yamo ya aina mbili. Ya mkanda hubandikwa nje kwa gundi. Jikoni, mvuke na mafuta viliishinda gundi, na mjukuu alishajua pa kubonyeza kwa kumtazama mama yake. Ya sumaku ni habari nyingine kabisa. Hufungwa ndani ya mlango kwa skrubu, nje huoni kitu, na hufunguka ukiigusisha sumaku yake mahali penyewe. Mlango ukirudi unajifunga, hata kama mikono imejaa vyombo na akili iko kwingine. Hayo nimeyaweka kwenye kabati la chini ya sinki, zinapokaa dawa za usafi, baada ya kuzichambua kwanza. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haikai na dawa ya tindikali ya kusafishia choo. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa niliiondoa palepale. Mtoto haoni mafuta ya taa pale, anaona soda. Na akiyameza, usimtapishe, maana yakipanda tena ndipo yanapopata njia ya kwenda mapafuni. Ni hospitali moja kwa moja.

Mikanda ya kufungia kabati na televisheni ni wazo zuri lililoharibiwa na skrubu. Watu hudhani kabati la droo haliwezi kuanguka kwa kuwa ni zito. Vuta droo zake zote kwa pamoja, halafu kandamiza ya juu kwa kiganja, utaona miguu ya nyuma inavyotaka kuinuka. Mtoto anayetaka kitu kilicho juu huzipanda zile droo kama ngazi. Skrubu za boksini ni fupi kiasi kwamba upande wa ukuta zinaishia kwenye plasta, na upande wa kabati maelekezo yanasema uzifunge kwenye ubao wa nyuma, ule wa hadibodi uliogongewa vijisumari. Likivutwa kwa nguvu, ubao utabaki ukutani na kabati litakwenda. Nilizitupa. Nikatoboa tofali kwa drili, nikaweka skrubu ndefu na vishikio vya nailoni, na kwenye kabati nikakamata fremu ya juu, palipo na mbao kamili. Kwa ukuta wa jipsamu, tafuta nguzo ya mbao au ya chuma iliyo nyuma yake, kwa sababu jipsamu peke yake haishiki kitu.

Blanketi la moto, mita 1 kwa mita 1, ni kitambaa cha nyuzi za kioo. Hili linahitaji mtu aliye macho, nakubali, lakini moto wa kikaango nao huanza mtu akiwa karibu. Mafuta yakiwaka, zima jiko, kunja ncha za blanketi zifunike vidole vyako, lilaze kuanzia upande wako kwenda mbele, kisha liache hapo mpaka chombo kipoe kabisa. Ukilifunua mapema kuchungulia unayapa mafuta hewa, yanaweza kuwaka upya. Maji usiyaguse: yakiingia kwenye mafuta ya moto yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka juu na pembeni. Hawa mabwana mchoro wao umelitundika juu ya jiko, mahali ambapo siku ya kulihitaji hapatafikika. Mimi nimelining'iniza kando ya mlango.

Kipimajoto cha maji kimepewa umbo la samaki, na kinapima sawasawa, nimekilinganisha na changu. Maji ya kumwogeshea mtoto yawe nyuzi 37 au 38. Yakiwa nyuzi 60, joto ambalo hita hufika bila taabu, humuunguza kwa sekunde chache tu. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi uko tumboni mwa samaki: kifuniko cha betri kinafunguka kwa ukucha, skrubu hakina. Ndani mna betri bapa ya duara, CR2032, volti 3, upana wa milimita 20, ambao ndio upana wa kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ikikwama, unyevu wa mwili unakamilisha sakiti, umeme unatengeneza alkali kali pale betri ilipogusa nyama, na katika muda wa saa 2 tu inaweza kuwa imeunguza vibaya. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Hata iliyoshindwa kuwasha kifaa bado ina umeme wa kutosha kwa madhara hayo. Mtoto atatokwa mate, atakohoa, atakataa kula, na mzazi anaweza kudhani ni mafua. Ukishuku tu, mpeleke hospitali saa ileile apigwe eksirei, na usimtapishe.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2022, Sheria ya Reese, yenye jina la mtoto aliyefariki baada ya kumeza betri ya aina hii. Inataka kifuniko kisifunguke bila kifaa, au bila vitendo viwili vinavyofanywa kwa pamoja. Waliotengeneza boksi la usalama wakaweka ndani yake hatari ambayo nyumba haikuwa nayo, tena kwenye umbo ambalo mtoto atalililia. Samaki nimemwondoa. Kiwiko cha mama kinapima maji vizuri tu.

Kikasha cha dawa kina kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Kinafaa kikiwekwa juu, kisichezewe chini. Kanuni za Marekani za vifungashio hivi, chini ya sheria ya mwaka 1970, hupima kwa watoto wenyewe: angalau asilimia 80 wakishindwa kukifungua ndani ya dakika 10, kimefaulu. Waliobaki piga hesabu mwenyewe. Mipira ya kona za meza mjukuu aliibandua akaitafuna, tuendelee.

Kilichonisumbua hasa ni ambavyo havimo, kwa boksi linalojisifu kuwa na kila kitu. Kwanza RCD, ile swichi ya kwenye boksi kuu la umeme yenye kitufe cha T. Wengi wanaamini sakiti breka ya kawaida itawaokoa. Breka hiyo inaulinda waya usichemke. Ya ampea 32 haitajigusa mtu akipitiwa na umeme unaotosha kumuua, ambao haufiki hata ampea moja. RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa milliampea 30, maana yake kuna mahali unapotorokea, pengine kwenye mwili wa mtu, na swichi inakata kabla theluthi ya sekunde haijaisha. Hii ndiyo niliyomfungia binti kabla ya kitu kingine chochote. Kitufe cha T kibonyezwe mara kwa mara. Kisipokata, ita fundi.

Pili, king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, hutoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa ndani, jenereta iliyo karibu na dirisha, au hita ya gesi isiyopata hewa. Huishika himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na king'ora cha moshi hakiitambui kabisa. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Wanaotumia mtungi wa gesi ya kupikia wanahitaji tena kitambuzi tofauti, na kiwekwe chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini.

Binti ameniuliza kama amnunulie mwenzake aliyejifungua juzi boksi kama hili. Nimemwambia amnunulie ving'ora viwili, cha moshi na cha kaboni monoksidi, na makomeo ya sumaku, kila kimoja peke yake, halafu nitakwenda kumfungia RCD.

Nyota 3 kati ya 5. Mbili za king'ora, moja ya makomeo ya sumaku. Ya nne ilikuwa ya mikanda, lakini zile skrubu zimeondoka nayo.