Bolti za stenlesi kwa pikipiki za pwani: tathmini ya karakana moja ya Chikongola, Mtwara

Pikipiki inayolala nje katika mji wa Mtwara huanza kuchakaa kwenye bolti. Tenki linaweza kubaki na rangi yake kwa miaka na kiti kikawa bado kizima, lakini upepo wa kusi huleta chunyu kutoka baharini, chunyu hiyo hukaa kwenye vichwa vya bolti na kwenye nati za madigadi, na zinki nyembamba iliyopakwa kiwandani huliwa kabla ya kitu kingine chochote. Wakazi wa Shangani na Mikindani wanaifahamu sura hiyo vizuri: michirizi ya kahawia inayoteremka kutoka kwenye kila kichwa cha bolti, na skrubu za msalaba ambazo bisibisi imekwisha kuzitafuna hadi hazishiki tena.

Karakana ninayoiandikia tathmini hii iko Chikongola, na kazi ambayo wateja wengi huifuata pale ni kubadilisha bolti za pikipiki ili chombo kionekane nadhifu. Mafundi hung'oa bolti za pembe sita na skrubu za msalaba kwenye kava za injini, madigadi, taa, pleti namba na vishikio vya mikono ya breki na klachi, kisha huweka bolti za stenlesi zinazofungwa kwa alenki, yaani ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya tundu la kichwa cha bolti. Naipendekeza kwa moyo mweupe. Kazi yake ndiyo safi kuliko zote nilizoziona mjini hapa, ingawa ina kasoro mbili ambazo mteja anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha.

Nianze na mwonekano, kwa kuwa ndio unaompeleka mtu pale. Bolti ya pembe sita hujitokeza nje ya kava na kukusanya vumbi jekundu la Newala kuizunguka, kiasi kwamba hata pikipiki ikioshwa bado huonekana chafu pembeni mwa kila bolti. Kichwa cha alenki ni kidogo, hulala ndani ya kitundu chake na kuiacha kava ikaonekana kama kipande kimoja. Karakana hii haiweki aina moja ya kichwa kila mahali. Kwenye injini hutumia vichwa virefu vya silinda, ambavyo kwa bolti yenye unene wa milimita 6 hupokea alenki ya milimita 5. Kwenye madigadi na pleti namba hutumia vichwa vya kuba, ambavyo kwa bolti ya kipimo hicho hicho hupokea alenki ya milimita 4. Uamuzi huo ni sahihi kabisa, kwani kichwa cha kuba ni kizuri kwa macho lakini tundu lake ni fupi na huharibika upesi likikazwa kwa nguvu, na kava ya injini ni mahali panapofunguliwa mara kwa mara. Nyuma ya madigadi, ambako bolti ndefu za kiwandani hubaki zimechomoza, huweka bolti fupi zaidi na nati za kofia zinazofunika ncha. Ni mahali ambapo watu wachache huinama kupatazama, na mimi nahesabu usafi wa kazi kwa sehemu za namna hiyo.

Kitu kilichonifanya niwaamini mafundi hawa ni kipande cha boksi. Kabla hajagusa bolti ya kwanza ya kava ya klachi, fundi alichora umbo la kava hiyo kwa kalamu juu ya boksi, akatoboa matundu kulifuata umbo, na kila bolti aliyoitoa akaichomeka kwenye tundu lililolingana na mahali ilipotoka. Bolti za kava moja hazilingani urefu. Ukiweka ndefu kwenye shimo fupi, itafika mwisho wa shimo kabla haijaibana kava, oili itavuja, na ukizidi kukaza utapasua aluminiamu. Ukiweka fupi kwenye shimo refu, itashika meno machache tu na kuyang'oa. Fundi alipima kila bolti ya zamani kwa kalipa, akatafuta ya stenlesi yenye urefu ule ule, na pale ambapo urefu kamili haukuwepo dukani alikata na kulainisha ncha kwa msasa.

Kuhusu madini yenyewe, mteja asikubali kila bolti inayong'aa. Bolti nyingi za alenki zinazouzwa madukani ni nyeusi na zina maandishi ya 12.9 kichwani. Hizo ni imara mno, lakini weusi wake ni ngozi nyembamba tu iliyopakwa mafuta, na katika hewa yetu ya chumvi hushika kutu upesi. Zinazotumika hapa zimegongwa A2-70. A2 ni daraja la stenlesi ambalo wauzaji wa vyuma huliita 304, na 70 maana yake ni kwamba bolti hukatika inapovutwa kwa nguvu ya megapaskali 700 (kipimo cha nguvu kwa kila eneo la chuma). Zipo pia za A4, yaani 316, ambazo huongezewa molibdenamu na hustahimili chumvi ya bahari vizuri zaidi.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kwanza. Karakana haiweki akiba ya A4. Kwa mtu wa Ligula au wa bara, A2 inatosha. Kwa mtu ambaye pikipiki yake hukaa ufukweni Mikindani au hupita kwenye mchanga wa Msimbati kila wiki, A2 itapata madoa ya rangi ya chai juu yake. Madoa hayo hayadhoofishi bolti kwa haraka na hutoka kwa kusuguliwa, lakini aliyelipa kwa ajili ya unadhifu hatayafurahia. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba A4 huagizwa kutoka Dar es Salaam kwa mteja anayetanguliza fedha. Naona mji wa bandari ulistahili kuwa nazo rafuni, angalau za milimita 6.

Jambo ambalo karakana hii inalifanya vema kuliko nilivyotarajia ni kukataa kazi. Niliomba bolti za ekseli, za sproketi na zile zinazoishikilia injini kwenye fremu zibadilishwe pia, ili pikipiki nzima ifanane. Fundi alitikisa kichwa. "Hapo niachie kama palivyo, kaka. Hapo panabeba roho ya mtu." Sababu yake inathibitika kwa tarakimu: bolti ya kawaida ya chuma ya daraja la 8.8 huanza kunyumbuka bila kurudi inapofikia megapaskali 640, wakati A2-70 huanza kwenye 450 tu. Kwenye pleti namba tofauti hiyo haina maana. Kwenye ekseli ya pikipiki iliyopakia magunia ya korosho ikishuka kutoka uwanda wa Makonde, ina maana kubwa sana. Badala ya kuzibadilisha, alizisafisha kwa brashi ya waya na kuzipaka grisi, nazo zinapendeza vya kutosha.

Lipo suala la stenlesi kukutana na aluminiamu, ambalo mafundi wengi hulipuuza. Vyuma viwili visivyo vya jamii moja vikigusana na katikati pakaingia maji ya chumvi, kimoja humla mwenzake. Katika jozi hii kinacholiwa ni aluminiamu, yaani mwili wa injini, na huacha unga mweupe unaoigandisha bolti ndani ya shimo. Baada ya miaka miwili bolti inayong'aa hugoma kutoka, na ikikatika ndani gharama yake huzidi thamani ya urembo wote. Karakana hii hupaka kila jino grisi nzito ya majini, ile ambayo mafundi wa mashine za boti huitumia, na huweka washa ya nailoni chini ya vichwa vinavyokaa juu ya rangi. Nilirudi baada ya msimu wa mvua kumalizika, nikaomba bolti mbili za kava zifunguliwe mbele yangu. Zilitoka kwa mkono wa kawaida na mashimo yalikuwa safi.

Kasoro ya pili ni kwamba hakuna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bolti ya milimita 6 inayoingia kwenye aluminiamu kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni mita 10 hivi, na jino lililopakwa grisi huhitaji pungufu ya hapo, kwa sababu grisi hupunguza msuguano na bolti hubana zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono. Fundi mkuu hukaza kwa kushika upande mfupi wa alenki, akizunguka kwa kuvuka kutoka upande hadi upande, na mkono wake una uzoefu. Wasiwasi wangu ni kwa vijana wanaojifunza chini yake, ambao siku moja watakaza peke yao. Spana ndogo ya torki ingewasaidia kuliko maneno mengi.

Kaunta yao huuza vilevile bolti za aluminiamu za rangi nyekundu na buluu. Sizipendekezi. Ni laini, rangi yake hupauka juani, na zinafaa kwa pleti namba na si zaidi.

Bei niliyolipa kwa bolti na kazi ilizidi kidogo shilingi 60,000, nayo naiona ni ya haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kuzitoa za zamani bila kuzivunja. Skrubu za msalaba zilizoganda walizilegeza kwa mafuta yaliyoachwa yalale usiku kucha, kisha kwa bisibisi ya kugonga, na hakuna hata moja iliyohitaji kutobolewa. Mpangilio wa wateja ndio unaochosha: anayekuja kuziba pancha hupita mbele ya kila mtu, na kazi yako husimama.

Anayekwenda apeleke pikipiki ikiwa imeoshwa kwa maji baridi na injini imepoa, aulize mapema kuhusu A4 ikiwa anaishi karibu na maji, na aombe arudishiwe bolti zake za zamani pamoja na lile boksi lenye matundu. Bolti za kava, hata zikiwa na kutu, ndizo kipimo cha urefu atakachohitaji fundi mwingine siku kava itakapofunguliwa Masasi au Tandahimba na bolti moja ikapotea mchangani.